Maji ya Nyuzi Sitini

1 Aprili
Nimehamia kwa wifi kwa sababu paa la nyumba yetu limeamua kuwa chujio. Mume wangu amebaki kule na mafundi, analala jikoni, sehemu pekee isiyovuja. Mimi nimeletwa huku na sanduku moja na mto wangu, nikae mpaka mvua ziishe.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ni mjane wa miaka hamsini na tisa, ana sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili, na ana duka la kufulia nguo chini ya nyumba yake. Watu wote humwita Mama Povu. Mimi nilikuwa mhudumu wa maabara ya shule miaka ishirini na miwili, nikastaafu mwaka jana. Nilikuwa naosha vyombo vya kioo na kuandika vipimo vya watu wengine. Daftari hili lilibaki tupu kwenye droo ya maabara, nikaondoka nalo pamoja na kipimajoto kimoja ambacho hakuna aliyekiulizia.

3 Aprili
Mvua. Wifi anaongea na mimi, na redio, na pasi, na sijui ni wakati gani ananisemesha mimi.

4 Aprili
Leo nimetambulishwa kwa mashine. Natumia neno hilo makusudi, maana wifi alisimama kando yake kama mtu anayetambulisha mchumba.

Kwa miaka kumi na minane amewafulia wazee wa nyumba ya kulelea wazee iliyo barabara ya nyuma. Mifuko huja Jumatatu na Alhamisi. Zamani alichemsha maji kwenye pipa uani, akafua kwa mikono, kisha akaanika juani mpaka mashuka yakakauka kau. Mwezi wa pili watoto wake walichanga wakamnunulia mashine, wakamwambia mama, mgongo huo upumzike sasa. Ina kioo mbele, vitufe vidogo vyenye picha, na kitufe kikubwa cha kuzungusha chenye namba za joto la maji: ishirini, thelathini, arobaini, sitini, tisini.

"Muuguzi wa wazee anataka sitini," wifi alisema. "Basi sitini nampa." Akakizungusha mpaka kikalia tk, akaipigapiga mashine mgongoni.

Kwa kuwa hakuna jua, mashuka yanaanikwa ndani, kwenye kamba sita, na feni mbili. Naoga chini ya foronya za watu.

7 Aprili
Nimejiaibisha. Nilitia shali yangu ya sufu pamoja na taulo, kitufe kikiwa kwenye sitini kama kawaida. Imetoka ndogo na nene, inaweza kumvalisha paka. Mimi, mtu wa maabara! Wifi alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Halafu jioni nimekuta amenitandikia shali yake mwenyewe kitandani. Sijui nimpende au nimnunie.

8 Aprili
Mvua. Mifuko miwili.

11 Aprili
Muuguzi amekuja mwenyewe kuchukua mashuka. Ni mwanamke mrefu, mpole, anayesimamia wazee thelathini na mmoja. Wanne kati yao wamepata upele. Wamepewa dawa ya kupaka. Alisema kwa upole sana, akiangalia mifuko, kwamba wadudu wa upele hukaa kwenye mashuka na nguo, na maji ya moto ndiyo huwamaliza.

"Sitini," wifi akasema.

"Najua, Mama Povu. Nauliza tu."

Alipoondoka, wifi alikunja mashuka kwa kuyapiga makofi.

15 Aprili
Nimeanza kumsindikiza. Nilidhani hupeleka mifuko mlangoni na kurudi. Aa wapi. Huingia chumba hadi chumba, akatandika vitanda kwa mkono wake, ingawa si kazi yake na hakuna aliyemwomba. Anajua nani anataka shuka libane miguuni na nani anakosa hewa likibana. Kuna bibi ambaye kitanda chake kiko dirishani, wote humwita Bibi wa Dirishani. Ana miaka tisini na ulimi wa miaka ishirini.

"Leo umechelewa," akamwambia wifi.

"Mvua, bibi."

"Mvua ilikuzuia nini, umetengenezwa kwa sukari?"

Wifi alicheka, akamnyanyua kama kitu cha kioo, akamtandikia. Bibi alikuwa anajikuna mkono. Niliona alama nyekundu kati ya vidole. Wifi aliziona pia, akaacha kucheka.

Nimekuwa nikimhesabu wifi kuwa mtu wa kelele tu. Nilikosea.

22 Aprili
Wagonjwa sasa ni tisa. Muuguzi ameamua wote thelathini na mmoja wapakwe dawa siku moja na kila kitambaa kifuliwe upya. Tumefua tangu saa mbili asubuhi hadi jioni. Mgongo wangu hauna habari na mimi.

25 Aprili
Upele unaendelea. Muuguzi amekuja tena, na leo hakuangalia mifuko, alimwangalia wifi.

"Mama Povu, naomba unioneshe."

Wifi alimpeleka mbele ya mashine, akamwonesha kitufe kikubwa. Kilikuwa kwenye sitini, wazi kabisa, hata kipofu angekipapasa. Muuguzi aliona haya, akaomba radhi. Lakini akasema pia kwamba akiona vipele vipya baada ya dawa hii, itabidi ajaribu dobi mwingine, hana njia nyingine. Wifi aliitikia "sawa" kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

Baada ya hapo amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniambia: "Wifi, wakiniondolea wale wazee, sina pa kwenda Jumatatu."

Nimemwambia haitatokea. Nimesema tu, sikuwa na hakika yoyote.

Kuna jambo linanikereketa. Namba iliyo kwenye kitufe ni ombi. Unaiomba mashine sitini. Kama imekupa sitini, hilo ni jambo jingine, na kwenye maabara yetu mtoto aliyeandika ombi mahali pa kipimo alirudishiwa karatasi.

29 Aprili
Wifi alikwenda na muuguzi kukagua magodoro, akaniacha niwashe mzigo wa kwanza. "Kitufe usikiguse, kiko tayari. Bonyeza tu iende." Nikabonyeza. Mashine ilipoanza kumwaga maji ya sabuni nilishika mpira wa nyuma, nikayakinga kwenye ndoo, nikazamisha kipimajoto changu.

Hamsini na saba. Si haba, maji hupoteza joto kidogo yakipita kwenye mpira. Nikashusha pumzi. Wifi hana kosa, nimesema peke yangu, kwa sauti, mbele ya mashine.

2 Mei
Nimepima tena, kwa mazoea tu ya kupima mara mbili. Wifi alikuwa dukani, akifua mwenyewe, nami nikamwambia nasafisha mfereji. Kitufe kwenye sitini. Mashuka yale yale, sabuni ile ile.

Thelathini na nane.

Nimekikung'uta kipimajoto, nikakitia kwapani. Kizima.

6 Mei
Wifi kwa daktari wa meno. Hamsini na saba.

Muuguzi ametuma salamu: wawili wapya.

9 Mei
Wifi yupo. Thelathini na tisa.

Yaani mashine inamwogopa wifi. Nikiwa mimi inachemka, akiwa yeye inapoa. Nimecheka, kisha nikazisoma namba upya.

13 Mei
Leo nimejifanya nashona kifungo, nikakaa kwenye kona ambapo naiona mashine yote. Naandika kila kitu kama nilivyokiona.

Wifi aliingiza mashuka. Akatia sabuni. Akazungusha kitufe kikubwa hadi sitini. Kisha akabonyeza kitufe kidogo chenye picha ya jani. Mimi sijawahi kukibonyeza, maana sikuambiwa. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, hiki cha nini?

"Jani? Hicho ni cha upole. Wale ni wazee, wifi, ngozi zao kama karatasi. Sitaki mashine iwakwangue mashuka."

Mashine ikaanza kuvuta maji. Wifi akainama kwenye kioo, akatikisa kichwa kama anavyotikisa kila mara, na mimi siku zote nilidhani ni maumivu ya shingo. Akachukua jagi kubwa la plastiki, akalijaza bombani, akavuta kijidroo cha sabuni, akamimina. Akajaza tena. Akamimina. Majagi saba.

"Unafanya nini, wifi?"

"Naisaidia. Inavuta maji kiduchu, angalia mwenyewe! Mashuka manane kwa maji ya kunawia uso? Mashine ina mkono wa birika hii. Mimi siwezi kuwafulia wazee wangu kwa maji ya kubania."

Maji ya bombani msimu huu ukiyagusa meno yanauma.

Nimeshona kifungo mahali pasipo na tundu.

14 Mei
Nimempigia simu fundi aliyeileta mashine. Amekuja na koti linalochuruzika. Hana maneno mengi, lakini nilipomweleza aliketi kabisa.

Amesema jani ni la kuokoa umeme. Ukilibonyeza namba inabaki pale pale, sitini, ila mashine haichemshi hadi huko. Hupasha kidogo na kuzunguka muda mrefu zaidi kufidia. Kwa mashati ya ofisini inatosha. Kwa wadudu haitoshi. Na hita ya mashine hii ina dakika zake. Maji yakiwa kiasi chake, hata yakiingia baridi, dakika zinatosha. Ukiongeza majagi saba ya maji ya bombani, dakika zinaisha maji hayajafika popote, nayo haingoji, inaendelea na safari.

Tulijaribu wakati wifi yuko sokoni. Jani bila majagi: arobaini na nne. Majagi bila jani: arobaini na sita. Vyote viwili pamoja tayari nilikuwa navyo kwenye daftari: thelathini na nane, thelathini na tisa.

Na kwa nini miaka yote hakukuwa na upele? Kwa sababu ya pipa la moto, na baadaye jua. Mashine imekuja, na mvua ikaja nyuma yake.

Fundi alifunga mkoba wake, akabaki mlangoni. "Mama, huyu Mama Povu alimfulia marehemu mama yangu pale kwa wazee. Tuseme hita ilikuwa imechoka, nami nimeibadilisha. Naandika hata karatasi."

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiria mchana kutwa. Ingekuwa rahisi sana. Ningemwambia wifi jani ni bovu, majagi yanaharibu droo, na yote yakaisha kimya. Wazee wangepona, naye asingejua kamwe. Tatizo ni kwamba nimeishi naye wiki sita, na najua mtu huyu hawezi kuacha kuongeza kitu asipojua kwa nini.

16 Mei
Nimemwambia.

Nilipiga moyo konde baada ya chai. Nilifua mizigo miwili mbele yake, mmoja kwa njia yake, mwingine bila jani na bila jagi, nikakinga maji kwenye ndoo mbili. Sikumwonesha daftari kwanza. Nikamwambia, wifi, tia mikono.

Mikono ile imekaa kwenye maji ya moto miaka kumi na minane. Alitia wa kulia kwenye ndoo ya kwanza. "Haya ni ya kuogea mtoto." Akatia wa kushoto kwenye ya pili, akautoa haraka. "Haya ndiyo maji." Akaniangalia akitabasamu, akidhani namwonesha ubovu wa mashine.

"Ya kwanza ni yako," nikasema. "Ya pili ni ya mashine ikiachwa peke yake."

Nikaeleza jani. Nikaeleza hita na dakika zake. Nikaeleza majagi. Sauti yangu ilikuwa ya maabara, kavu, na niliichukia. Yeye alikuwa bado na mikono juu ya ndoo, maji yakidondoka.

Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo Bibi wa Dirishani anajikuna kwa mkono wangu."

"Wifi, hukujua."

"Sikukuuliza kama nilijua."

Akajifuta mikono, akapanda ngazi. Nimemwaga ndoo zote mbili nikilia kama mtoto. Nampenda mwanamke huyu, na leo nimemuumiza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuumiza.

17 Mei
Hasemi. Redio imezimwa.

18 Mei
Hasemi. Amepika, amenipakulia minofu yote, hasemi. Muuguzi amepiga simu: kuanzia Jumatatu mifuko itakwenda kwa dobi wa barabara kuu. Wifi amesema "sawa", akakata.

Fundi kampigia naye, najua alichomwambia, maana nilisikia jibu. "Ahsante, mwanangu. Karatasi hiyo kaa nayo."

20 Mei
Jumatatu. Hakuna mifuko. Wifi amevaa nguo za kutokea tangu asubuhi, amekaa nazo dukani hadi jioni, akazivua.

23 Mei
Ameniambia maneno mawili: "Nifuate, wifi."

Tulikwenda kwa miguu, tukalowa. Wazee walikuwa ukumbini wakisubiri uji, karibu wote, na muuguzi alikuwa anapanga vikombe. Nilidhani atamvuta muuguzi pembeni. Hapana. Alisimama katikati, maji yakimtiririka, akasema kwa ile sauti yake ya mtaa wa pili:

"Upele wenu umetoka kwangu. Maji yangu hayakuwa na moto. Mashine ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeyapoza, kila mfuko, tangu nilipoipata. Nilikuwa naongeza maji nikiona ni machache, na nabonyeza kitufe nisichokijua. Wifi yangu huyu kapima. Nimekuja kuwaambia wenyewe."

Kijiko kilianguka mahali. Muuguzi alimwangalia, akaniangalia mimi, nikatoa daftari, nikamfungulia kurasa. Alisoma namba zote. Mzee mmoja alisema "Lo!" na mwingine akamuuliza jirani yake kasema nini, ikabidi irudiwe kwa sauti, na wifi akairudia yote tangu mwanzo bila kupunguza neno.

Bibi wa Dirishani alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mikono imefungwa bandeji.

"Uliyaona machache?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Ukatuongezea."

"Ndiyo, bibi."

Bibi akatafuna hewa kama wazee wasio na meno. "Hapa uji wanatupunguzia. Sabuni wanatupunguzia. Wanangu hata simu wamepunguza. Wewe mjinga umetuuguza kwa kutuzidishia." Akanyoosha mkono wenye bandeji. "Njoo hapa, umelowa."

Muuguzi alikuwa amegeuka dirishani. Aliporudi alisema dawa inapakwa tena Jumamosi, mara ya mwisho. Sisi atatuletea nusu tu ya mashuka, kwa majaribio, na kila mzigo uje na kipimo chake kwenye karatasi. Mengine yatabaki kwa dobi wa barabara kuu. Baada ya wiki mbili na kitu atakagua ngozi moja moja, ndipo aamue.

Njiani wifi ameongea bila kupumua. Nimeshukuru Mungu.

25 Mei
Mizigo sita. Hamsini na saba, hamsini na nane, hamsini na saba, hamsini na sita, hamsini na nane, hamsini na saba. Wifi anapima mwenyewe, ananisomea kwa sauti, mimi naandika. Mikono yake haijui pa kukaa wakati mashine inavuta maji. Nimempa nyanya amenye.

27 Mei
Mvua imekonda. Nyanya zimekwisha, anamenya viazi.

30 Mei
Wifi kanigombeza mbele ya mteja kwa kuchelewa kusoma kipimo. Nikamjibu. Akanijibu. Tumepigana vijembe mpaka mteja akaweka shati lake mezani na kuondoka kimya. Siku nzuri sana.

3 Juni
Muwasho bado upo kwa baadhi. Muuguzi anasema muwasho hubaki nyuma hata wadudu wakishakufa, tutazame vipele vipya. Wifi halali vizuri, namwona usoni. Mume wangu kasema paa limekwisha. Nimemwambia bado nina kazi.

6 Juni
Jua! Saa nzima. Tumetoa kamba zote uani, tukakimbizana nalo.

10 Juni
Bado.

13 Juni
Muuguzi ametuita saa nne. Hakusema kitu kwenye simu. Wifi alitembea mbele yangu, mimi nyuma.

Alitupeleka moja kwa moja kwenye chumba cha Bibi wa Dirishani. Dirisha lilikuwa wazi, mwanga wa kutosha, na bibi alikuwa amekaa kwenye kiti bila bandeji. "Mkague mwenyewe," muuguzi akamwambia wifi.

Wifi alipiga magoti. Alichukua mkono mmoja, akaugeuza, akapitisha kidole kati ya kila vidole viwili, taratibu, akapanda kiwiko, akashuka. Akachukua mkono wa pili. Ngozi ilikuwa na makovu yaliyofifia, basi. Alirudia tena mkono wa kwanza, kana kwamba huenda alama zimehamia huko alipougeuzia mgongo. Hakuna. Muuguzi akasema wote thelathini na mmoja wako hivyo, na kwamba mifuko yote, kuanzia leo, inarudi kwa Mama Povu.

Wifi aliweka kichwa kwenye mapaja ya bibi, akalia kwa sauti, mabega yote yakitikisika. Nami nililia, nimesimama tu pale na mfuko wa mashuka kifuani, yakiwa bado na joto la pasi.

"Basi, basi, utanilowesha," bibi akasema, akimpapasa kichwa kwa vidole vyake vilivyopona. "Nyanyuka unitandikie. Wiki tatu nimelalia mashuka ya mtu asiyenijua."

Wifi akanyanyuka, akajifuta uso kwa kanga, akakung'uta shuka likajaa upepo wa dirishani. Mimi nikashika upande wa pili.